Tunasema "Fungua Seva!" Ikifunguliwa, Nani Wetu Ataisoma?



Kila tukikutana, iwe ni kwa mkutano wa tawi au kwa kibanda cha chai, maneno ya seva hayakosi. Mmoja atasema 2027 watatuibia kwa seva. Mwingine atajibu kwamba safari hii seva lazima ifunguliwe, watake wasitake. Tunapiga meza, tunakubaliana, chai inaisha, kila mtu anaenda kwake. Mimi huwa nanyamaza, na wengine wenu mmeshaniuliza mbona nanyamaza ilhali kazi yangu ya kila siku ni hizo seva. Leo nitasema, na najua kuna wenzangu hawatafurahi.

Nimekuwa msimamizi wa seva kwa miaka tisa sasa. Ni kazi isiyo na sifa. Mambo yakienda sawa hakuna anayejua upo, yakiharibika simu inalia usiku wa manane na kila mtu anataka jibu kabla hujavaa viatu. Kwa hivyo mtu akitaja seva, mimi sioni sanduku la uchawi lililofichwa ng'ambo. Naona kompyuta kama hiyo yako, tofauti ni kwamba hii haizimwi, inahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na ina tabia moja ambayo wanasiasa wetu hawajaielewa: inaandika. Nani aliingia, aliingia saa ngapi, alitoka wapi, aligusa nini, alikataliwa mara ngapi. Maandishi hayo sisi mafundi tunayaita logi. Ni kama lile daftari la askari wa geti, ila huyu askari hasinzii na anaandika mistari elfu kwa dakika.

Sasa, tukisema "fungua seva" maana yake hasa ni "tuonyesheni hilo daftari." Na tuna haki ya kusema hivyo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iwaruhusu walalamishi kuzikagua seva zake, kwa kusoma tu bila kubadilisha chochote. Tume haikutii ipasavyo. Mahakama ikasema wazi kwamba mtu akikataa kuonyesha alicho nacho, basi itabidi ichukuliwe kuwa kile kilichodaiwa dhidi yake kina ukweli. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne kwa wawili, uchaguzi wa urais ukafutwa. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Wale wanaotucheka tukitaja seva wanasahau kwamba seva iliyofungwa ilikuwa sehemu ya sababu za hukumu hiyo.

Na tusimsahau Chris Msando, meneja wa TEHAMA wa tume, ambaye mwili wake ulipatikana siku chache kabla ya watu kupiga kura Agosti ile. Alikuwa fundi. Nikimtaja huwa sina maneno mengi ya kuongeza.

Lakini tuje 2022. Hapa ndipo huwa nanyamaza kwa kibanda.

Tulienda tena mahakamani, mimi nikiwa upande huohuo niliokuwa 2017, na hoja yetu kubwa ilikuwa ileile: mfumo uliingiliwa, fomu zilibadilishwa zikiwa njiani kabla hazijafika kwenye tovuti. Mahakama ikaagiza ukaguzi chini ya usimamizi wa Msajili. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba wakatupa kesi. Kushindwa kesi ni kawaida. Kilichoniuma mimi ni sentensi moja ndani ya uamuzi ule: kwamba baadhi ya logi zilizoletwa kuthibitisha udukuzi zilikuwa za uchaguzi wa 2017, na nyingine zilikuwa za kughushi.

Isome tena polepole. Logi za miaka mitano nyuma zilipelekwa kwa mahakama kuu kuliko zote nchini kama ushahidi wa mwaka ule. Tarehe huwa iko mwanzoni mwa kila mstari! Fundi yeyote wa mwaka wa kwanza angeiona kabla hajamaliza chai yake. Aidha hakukuwa na fundi mezani, au alikuwepo na hakusikizwa, au kuna mtu alijua na akaona ipite tu. Sijui ni ipi kati ya hizo tatu, na kila moja inanikosesha usingizi kwa njia yake.

Kuna watakaosema naanika nguo chafu za nyumbani. Sawa. Basi wacha nianike na zangu, ndio muone kwamba simnyooshei mtu kidole nikiwa nimejificha.

Katika uchaguzi mdogo mmoja, eneo nitaliacha bila jina, tawi letu la vijana liliamua kuwa na kituo chake cha kujumlisha kura. Wazo lilikuwa safi. Kila wakala akishapewa nakala ya fomu ya matokeo ya kituo chake anaipiga picha kwa simu, anaandika tarakimu, anatuma kwetu, na sisi tunajumlisha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandaa seva. Bajeti ilikuwa ile mnayoijua, yaani nauli na maandazi. Nikapata kompyuta ya mezani iliyotumika, nikaweka Ubuntu, nikaandika programu ndogo ya kupokea picha, nikaunganisha rauta yenye laini mbili za simu ili moja ikikatika nyingine ishike. Nikakopa UPS, maana stima ya pale mnaijua pia. Tulifanya majaribio na simu tano. Zote zikapita. Tukapigiana makofi.

Siku yenyewe ikafika. Kura zilifungwa saa kumi na moja jioni, na kwenye saa moja unusu hivi usiku fomu zikaanza kuingia kwa fujo. Dakika arobaini baadaye seva ikanyamaza. Simu za mawakala zinasema "imeshindikana," zinajaribu tena, zinashindwa tena. Chumba kikalipuka. "Wametudukua!" Mwenyekiti akaniambia, "Kijana wangu, toa hiyo waya ya mtandao haraka kabla hawajafuta kura." Kuna mtu tayari alikuwa kwa simu na mwandishi wa habari.

Niliomba dakika kumi. Jambo la kwanza ukikutana na seva iliyokwama ni kutoigusa ovyo. Usizime, usiwashe, usichomoe, kwa sababu kila ukigusa unafuta alama. Angalia kwanza. Je, inajibu ukiiita kutoka kompyuta ya pembeni? Ilijibu. Basi mtandao uko hai. Je, kuna mtu mgeni ameingia? Nikafungua logi ya walioingia, hakukuwa na mgeni yeyote. Je, kumbukumbu imeisha? Bado ipo. Je, diski? Nikaandika df -h, amri fupi ya kuonyesha nafasi iliyobaki, nikaona 100%. Diski ilikuwa imejaa hadi mdomoni.

Imejazwa na nini? Na mimi. Wakati wa majaribio nilikuwa nimewasha hali ya kuandika kila kitu, ili nikiona kosa nilielewe, na sikuizima. Kwa hivyo kila picha iliyoingia, programu yangu iliinakili pia kwenye logi kwa maandishi, picha nzima, herufi kwa herufi. Sehemu ile ya diski nilikuwa nimeigawia GB 20 peke yake. Ilipojaa, seva ikashindwa kupokea, simu zikarudia kutuma, na kila jaribio lilizidi kuikaba. Wadukuzi wa serikali hawakuhitajika hapo. Nilitosha.

Nikafuta faili hilo kubwa. Nafasi haikurudi. Hapo ndipo jasho lilinitoka, nyuma yangu watu kumi na wawili wanapumua. Kisha nikakumbuka kitu ambacho huwa nawafundisha vijana kazini na mwenyewe nikakisahau: ukifuta faili huku programu bado imelishikilia, jina linaondoka lakini nafasi haiachiliwi mpaka programu iachie. Nikaizima programu, nikaiwasha upya, nafasi ikarudi, fomu zikaanza kumiminika. Tulikuwa tumepoteza karibu saa moja unusu. Mwandishi wa habari alikuwa ameshaambiwa tumedukuliwa, na hakuna aliyempigia kumwambia vinginevyo. Nilimpigia kesho yake. Alishukuru kwa upole uliojaa dharau.

Hayo yalikuwa madogo.

Asubuhi yake naamka nakuta WhatsApp imewaka moto. Picha ya skrini, duara jekundu, maneno kwa herufi kubwa: matokeo ya kituo fulani yaliingizwa 16:30, saa kumi na nusu jioni, nusu saa kabla ya kura kufungwa! Imeshasambazwa kwa makundi mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikaikaza macho. Ilikuwa seva yetu. Ile yangu. Kuna kijana wetu alipita nyuma ya meza usiku, akapiga picha skrini, na kufika alfajiri tayari ilikuwa "seva ya tume."

Na ile saa? Seva nyingi zikiwekwa upya huhesabu muda wa UTC, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Fomu iliingia saa moja unusu usiku, yaani 19:30 kwa saa zetu, na seva ikaandika 16:30. Sikuwa nimeiambia iko Kenya. Kana kwamba hiyo haitoshi, kuna wakala mwingine aliyeandika kwa mkono wake kwamba fomu ilitiwa sahihi 1:30, akimaanisha saa moja unusu usiku kama tunavyohesabu Waswahili, na mfumo ukaamini ni usiku wa manane. Saa tatu tofauti ndani ya jedwali moja, zote zikiwa za kweli. Mtu asiyejua ataapa ameona wizi, na hatakuwa anadanganya. Ataamini kabisa.

Nikampigia mheshimiwa mmoja kumweleza turekebishe haraka kabla haijatuaibisha. Alinisikiza vizuri tu, kisha akasema: "Wacha ikae hivyo. Inatusaidia."

Nikaikumbuka ile sentensi ya majaji saba. Sina hakika logi zile za 2017 zilifikaje mahakamani 2022, lakini tangu siku ile najua jambo kama hilo linavyoweza kuanza. Halianzii kwa mhalifu mkubwa. Linaanzia kwa picha ya skrini isiyo na maelezo na mtu mwenye cheo anayesema wacha ikae.

Niliandika maelezo, nikayatuma kwa kila kundi nililokuwa ndani yake, nikasema seva ni yetu na kosa ni langu. Niliitwa msaliti na watu wawili ninaowaheshimu. Mmoja wao ameshaniomba radhi.

La mwisho kuhusu usiku ule, na hili ndilo lililonitia hofu zaidi. Tulipolinganisha jedwali letu na picha za fomu, kituo kimoja hakikulingana. Kwa picha mgombea wetu alikuwa na kura 213, kwa jedwali tulimpa 312. Pengine kidole kiliteleza. Pengine kuna mtu aliona si vibaya kutuongezea kidogo. Nikafungua logi nijue ni nani. Jibu: "admin." Na admin alikuwa kila mtu, kwa sababu nywila ilikuwa moja, tuliitumia watu kumi na wanne, na ilikuwa imeandikwa kwa karatasi na kubandikwa ukutani juu ya birika la chai. Mpaka leo sijui.

Mnakumbuka ile memo iliyovuja Septemba 2017, ambamo mwenyekiti wa tume wakati ule, Wafula Chebukati, alitaka aelezwe ilikuwaje akaunti yenye jina lake ikatumika mara zaidi ya 9,000 bila yeye kujua? Tuliipigia kelele ile memo mwezi mzima, na tulikuwa na haki. Akaunti ya mtu mmoja haitumiwi na wengine, basi. Lakini nyani haoni kundule. Tungeletewa amri ya mahakama usiku ule tufungue seva yetu, tungeonyesha nini? Admin, admin, admin, saa za UTC, na logi kubwa niliyoifuta mwenyewe.

Sasa mnaona kwa nini huwa nanyamaza kwa kibanda. Chama kinachotaka kukagua seva ya nchi lazima kiwe na watu waliowahi kuendesha yake bila aibu. Na muda wa kujifunza hautapatikana baada ya kura. Katiba inatoa siku 7 tangu matokeo ya urais yatangazwe kupeleka kesi, na mahakama inaiamua ndani ya siku 14 tangu ifikishwe kwake. Ndani ya zile saba unatafuta mawakili, unakusanya fomu, unaandika viapo. Huwezi pia kuwa unamtafuta mtu wa kukueleza UTC ni nini.

Najua kuna mwenzangu atasema, mbona tusiachane na mitambo yote turudi kwa karatasi? Nusu yake nakubaliana nayo. Mwaka 2013 mitambo ilituangusha vibaya, betri za kompyuta za kutambua wapiga kura zilizima vituoni, na kosa la programu likazidisha kura zilizokataliwa mara nane kwenye skrini za Bomas. Na Mahakama ya Rufaa ilishaamua 2017, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, hakuna mtu Nairobi wa kuyabadilisha. Kura yako inahesabiwa kituoni, mbele ya wakala, na kuandikwa kwa fomu 34A. Kazi ya seva ni kubeba picha ya karatasi hiyo. Ndiyo maana kile walichofanya 2022, kuziweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwa tovuti ya umma kila mtu azipakue na kujijumlishia, ni jambo zuri, na nalisema hata kama matokeo yake hayakunipendeza. Tudai lifanyike tena, kwa haraka zaidi, na logi zihifadhiwe bila kuombwa.

Lakini nusu nyingine siikubali, kwa sababu karatasi bila watu wa kuikusanya ni karatasi tu. Vituo 46,000 ni fomu 46,000, za urais peke yake. Bila seva yetu wenyewe tutazijumlisha kwa vidole? Na tarehe 25 Juni 2024 tuliona intaneti ikidhoofika nchi nzima huku vijana wako barabarani. Mpango wetu lazima ujue kuishi siku bila mtandao: simu ihifadhi picha na kuituma laini ikirudi, na nakala ya karatasi isafiri kwa bodaboda hadi kaunti usiku uleule.

Kwa viongozi wetu nina ombi moja, na naliandika hapa hadharani kwa sababu kwa ofisi nimeshaliandika mara mbili. Mtuache kutuita tu wakati kipaza sauti kimegoma. Kitengo cha mitambo kipewe bajeti sasa, wala si Julai 2027. Kura ni tarehe 10 Agosti mwaka huo, na seva inahitaji miezi ya kujaribiwa, kuharibika kwa makusudi, na kurudishwa kutoka kwa nakala ya akiba. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha usiihesabu kama unayo. Na mawakili wa chama wakae na sisi angalau siku mbili, watuulize maswali yote ya kijinga, kabla hawajatia sahihi kiapo chochote chenye neno "udukuzi." Mheshimiwa yule wa "wacha ikae" pia namkaribisha. Jina lake sijaliandika na sitaliandika.

Kwa ninyi vijana: huhitaji digrii. Wawili kati ya mafundi bora ninaowajua walianzia kwa saiba ya mtaani, wakirekebisha printa. Unahitaji kompyuta yoyote kuukuu, Linux ambayo ni ya bure, na subira ya kusoma kosa linasema nini kabla ya kuamua ni nani amelifanya.

Ile kompyuta ya uchaguzi mdogo ninayo nyumbani, chini ya meza. Nimeibadilisha diski, nimeiweka saa za Nairobi, logi zinajipunguza zenyewe zikizidi, na nakala ya kila logi inatumwa kwa mashine nyingine ambayo hata mimi siwezi kufuta kitu kimyakimya. Nataka vijana kumi wa kuanza nao, na nusu wawe wasichana, kwa sababu usiku ule waliolinganisha fomu na jedwali bila kuchoka walikuwa wasichana watatu, na ndio waliogundua ile 312. Ukiwa tayari niandikie ndani ya kundi la tawi. Ile nywila ya ukutani nimeifuta. Utatengenezewa yako.